Taifa mgonjwa au taifa lenye hatia?

Swali: Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu fasihi ya Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Pili. Kila kitabu ninachofungua kina mgonjwa: mtunzi wa muziki mwenye kaswende, mtoto aliyegoma kukua, askari asiye na pia ya goti, kijana mwenye homa ya ini. Msimamizi wangu anasema hizo ni sitiari za hatia. Mimi naona kinyume chake: ukimwita mtu mgonjwa, si umemwondolea hatia? Nani kati yetu yuko sahihi, na nizichambue vipi bila kupotea? Na je, naweza kuigusa historia yetu Tanzania na Wajerumani bila kulazimisha?

Jibu:

Mko sahihi wote wawili, kila mmoja kwa vitabu vyake. Sitiari ya ugonjwa inaweza kuficha hatia na inaweza kuifichua, na mara nyingine kitabu kimoja hufanya yote mawili katika sura zinazofuatana. Kinachoamua ni namna ugonjwa ulivyomwingia mgonjwa.

Sikiliza kwanza Kiswahili chenyewe. Tunasema mtu amepatwa na maradhi, ameshikwa na homa, ameangushwa na kifafa. Anayetenda hapo ni maradhi; mwenyewe alikuwa amekaa zake. Mahakamani tunasema amekutwa na hatia: alikuwa nayo tangu hapo, wenzake wamemkuta nayo. Waandishi wa Kijerumani baada ya Mei 1945 walikuwa na lugha hizo mbili mkononi, ya hospitali na ya mahakama. Kila mmoja alipochukua ile ya hospitali alikuwa anaamua, akijua au asijue, nani awe mtenda na nani awe mtendwa. Kwa hiyo ukikuta mgonjwa kitabuni, uliza mambo manne. Ni nani hasa anayeumwa? Ugonjwa ulimwingiaje? Nani amekalia kiti cha daktari? Na ni nani waliokufa, nao wana sauti kitabuni au hawamo kabisa? Swali la nne husahauliwa kuliko yote, na ndilo zito kuliko yote.

Sitiari iliyokwisha kuua

Usianzie 1945. Wanazi walilitaja taifa kama mwili, Volkskörper kwa Kijerumani, na Wayahudi kama vijidudu na vimelea ndani ya mwili huo. Ukishaikubali picha hiyo, hukumu imekwisha kutolewa: kijidudu hakishtakiwi wala hakitetewi, kinaangamizwa, na anayekiangamiza anaitwa daktari. Februari 1942, katika maongezi yake ya mezani, Hitler alijilinganisha na Louis Pasteur na Robert Koch. Koch huyo ndiye aliyekaa visiwa vya Ssese, Ziwa Viktoria, mwaka 1906 na 1907 akitibu malale kwa dawa ya atoksili, dawa iliyowapofusha baadhi ya wagonjwa. Kambi za kuwatenga wagonjwa wa malale aliziita Konzentrationslager, neno lilelile ambalo Wanazi waliziita kambi zao baadaye. Sisemi kwamba Koch alizaa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Neno hilo lilipita mikono mingi na maana yake ikabadilika njiani. Ninachosema ni kwamba msamiati wa usafi, karantini na kuua vijidudu ulikuwa tayari umevaa heshima ya sayansi Wanazi walipouchukua.

Nao hawakuishia kwenye maneno. Sheria ya tarehe 14 Julai 1933 iliruhusu kuwafunga uzazi kwa nguvu watu waliodaiwa kuwa na maradhi ya kurithi. Wapatao 400,000 walifanyiwa hivyo. Mwaka 1940 ukaanza mpango ulioitwa T4, kwa kifupi cha anwani ya ofisi yake Berlin, Tiergartenstraße namba 4. Wagonjwa wa akili na watu wenye ulemavu waliuawa kwa gesi katika vituo sita. Hesabu ya wauaji wenyewe hadi Agosti 1941 ilikuwa watu 70,273, na baada ya hapo mauaji yaliendelea hospitalini kwa njaa na kwa dawa. Huko Auschwitz gesi ilikuwa Zyklon B, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuulia wadudu. Askari wa SS, kikosi cha chama cha Nazi, walioimwaga ndani ya vyumba waliitwa waua vijidudu, na makopo yake yalibebwa kwa gari lenye alama ya Msalaba Mwekundu. Hapo sitiari ilikuwa imegeuka mtambo.

Sisi wa huku hatutazami jambo hili kama wageni kabisa. Miaka ya Ujamaa mnyonyaji aliitwa kupe, na mwaka 1994 redio nchini Rwanda iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Uzito wa mifano hiyo miwili haulingani hata kidogo, lakini sikio linalojua neno la namna hiyo linafanya nini mtaani litakusaidia kuyasoma maandishi ya Kijerumani.

Basi mwandishi wa Kijerumani anayeshika neno "ugonjwa" baada ya 1945 ameshika kisu kilichokwisha kutumika. Kazi yako ya kwanza ni kuonyesha kama analijua hilo.

Mgonjwa anabadilishwa kitandani

Baada ya kushindwa vita, mgonjwa akabadilishwa. Jana kijidudu alikuwa Myahudi. Leo kijidudu ni Unazi wenyewe, na aliyelala kitandani ni Ujerumani. Neno lililozoeleka kwa Mei 1945 lilikuwa Zusammenbruch, "kuanguka", ambalo Wajerumani hulitumia pia kwa mtu aliyelemewa hadi akili ikagoma. Hata upande wa washindi lugha hiyo ilikuwapo: mwaka 1943 daktari wa Marekani, Richard Brickner, alitoa kitabu kilichouliza kama Ujerumani inatibika, akiipima kama mgonjwa wa paranoia. Kisha ikaja lugha ya kufua. Katika eneo la Wamarekani watu walijaza fomu yenye maswali 131 kuhusu uhusiano wao na Unazi, wakapangwa katika madaraja matano kuanzia wahalifu wakuu hadi waliosafishwa, na barua za majirani na mapadri zilizomtetea mtu zikaitwa Persilschein, cheti cha Persil, kwa jina la sabuni ya unga. Jina hilo la mtaani linasema kweli kuliko sheria yenyewe: hatia imekuwa doa, na doa hutoka kwa sabuni nzuri.

Katikati ya hayo yote alisimama Karl Jaspers, na usimruke. Jaspers alikuwa daktari wa magonjwa ya akili kabla ya kuwa mwanafalsafa. Kitabu chake kikubwa cha saikopatholojia kilitoka mwaka 1913. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuipima Ujerumani kama mgonjwa, ni yeye. Lakini katika mihadhara yake ya Heidelberg ya majira ya baridi ya 1945–46, iliyotoka kama Die Schuldfrage, yaani swali la hatia, aliiacha hospitali akachukua mahakama. Aligawa hatia mara nne, na kila moja akaipa mwamuzi wake: hatia ya jinai huamuliwa na mahakama, ya kisiasa na mshindi, ya kimaadili na dhamiri ya mtu mwenyewe, na ile aliyoiita ya kimetafizikia, ya kubaki hai wakati mwenzako anauawa, na Mungu peke yake. Tumia mgawanyo huu kama rula. Ukikuta sitiari ya ugonjwa, jiulize inafunika hatia ipi kati ya hizo nne. Mara nyingi utakuta inakiri ile ya nne, iliyo ya wote, ili kuifunika ile ya kwanza, yenye jina la mtu na tarehe.

Kaswende ya hiari

Sasa tuingie kwenye vitabu vyako. Nitakaa zaidi kwa Thomas Mann na Günter Grass, kwa sababu hapo ndipo wewe na msimamizi wako mtapatana.

Doktor Faustus ya Mann ilitoka mwaka 1947. Msimulizi, mwalimu Serenus Zeitblom, anaanza kuandika tarehe 23 Mei 1943, mabomu yakianguka, maisha ya rafiki yake mtunzi wa muziki Adrian Leverkühn. Ukisoma juu juu utasema: Leverkühn ni Ujerumani, kaswende ni Unazi, basi. Sasa soma kwa karibu namna anavyoambukizwa. Mara ya kwanza anafikishwa danguroni Leipzig na mtu aliyempoteza njia. Mwanamke mmoja anamgusa shavu kwa mkono, naye Leverkühn anakimbia. Hapo bado ni ajali. Lakini baadaye anafunga safari hadi mji wa Pressburg, Bratislava ya leo, kumtafuta mwanamke yuleyule, na mwanamke mwenyewe anamwonya juu ya mwili wake. Anaonywa, na anaendelea. Huyu hakupatwa na ugonjwa; aliufuata kwa treni.

Yanayofuata ni makali zaidi. Anakwenda kutibiwa. Daktari wa kwanza, Erasmi, anamkuta amekufa, yuko ndani ya jeneza. Wa pili, Zimbalist, anakutana naye ngazini akichukuliwa na polisi. Baada ya hapo haendi tena. Weka swali la tatu hapa: kiti cha daktari kiko wazi, na mgonjwa anaridhika kiwe wazi, kwa kuwa ugonjwa umempa kile alichokitaka, yaani miaka 24 ya muziki usio na mfano. Mwaka 1930 anakusanya marafiki, anakiri mbele yao, anakaa kwenye piano na kuanguka. Anakufa 1940. Kwa hiyo ndani ya ugonjwa wa Mann kuna mkataba, na mkataba una sahihi ya mwenye kuugua. Hapa msimamizi wako anashinda.

Hata hivyo usimwachie ushindi wote. Mkataba huo ni na Ibilisi, na Ibilisi huifanya historia ionekane kama majaliwa ya roho ya Kijerumani toka enzi za Luther, kama kwamba hapakuwa na uchaguzi wa 1933 wala makatibu wa ofisi waliogonga mihuri. Na swali la nne linaumiza: waliouawa wanapita karibu na mwisho, wananchi wa Weimar wanapopitishwa kambini kwa amri ya jenerali kutoka ng'ambo ya Atlantiki, lakini hawana jina wala sauti. Wayahudi wawili wenye nafasi ya kuonekana kitabuni, Breisacher na Fitelberg, wamechorwa kwa namna isiyopendeza. Mann mwenyewe alikataa kujitenga. Katika hotuba yake ya Washington, Mei 1945, alisema hakuna Ujerumani mbili, mbaya na njema, bali ni moja tu. Weka hotuba hiyo kando ya riwaya uone mahali sitiari inapomzidi nguvu mwandishi wake.

Wolfgang Borchert, mwandishi wa yule askari asiye na pia ya goti, nitampitia haraka. Katika tamthilia yake ya 1947, askari Beckmann anarudi kutoka Siberia bila pia ya goti, amevaa miwani ya kinyago cha gesi. Anamwendea kanali wake wa zamani, aliye mezani na familia, ili amrudishie jukumu la askari 11 waliopotea katika doria aliyotumwa kuiongoza. Kanali anacheka hadi machozi. Goti hapa ni jeraha la vita, na jukumu linadaiwa kwa mtu anayejulikana. Tatizo lake ni kwamba majeraha ya askari yanajaza jukwaa lote. Mateso ya Wayahudi yanapita kama maneno ya mpangaji mpya mlangoni. Ukimtumia, mtumie kwa kurasa mbili tu.

Mtoto aliyejitupa ngazini

Grass ndiye anayekupa sentensi bora kwa swali lako. Die Blechtrommel, yaani ngoma ya bati, ya 1959 inaanza kwa neno Zugegeben, "nakiri". Msomaji anasubiri ungamo, naye Oskar Matzerath anakiri kwamba yeye ni mkazi wa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mstari mmoja, na hatia imekwisha kubadilishwa kuwa kitanda. Jina la hospitali hiyo katika Kijerumani, Heil- und Pflegeanstalt, ndilo jina la taasisi walimotolewa wagonjwa waliouawa na T4. Msomaji wa Kijerumani wa 1959 alilijua neno hilo. Mfasiri akiandika "hospitali" tu, nusu ya maana imemwagika.

Kisha ngazi. Oskar anaamua akiwa na miaka mitatu kwamba hatakua. Anajua watu wazima watataka sababu, kwa hiyo anajitupa kwenye ngazi za ghala la chini ya duka, ambalo mlango wake Matzerath, mume wa mama yake, aliuacha wazi. Madaktari wanapata maelezo: mtoto alianguka, akadumaa. Mama anapata wa kumlaumu: Matzerath na mlango wake. Tazama ufundi huo. Ugonjwa umetengenezwa makusudi ili kuficha uamuzi, hati ya daktari imeutia muhuri, na lawama imepelekwa kwa mtu mwingine, kwa kosa dogo la kweli. Katika tukio hilo moja Grass ameionyesha mashine nzima ya miaka ya 1950. Na baadaye, wizara inapoandika barua kutaka mtoto huyo akabidhiwe, kitabu kinamkumbusha msomaji kwamba mdumavu wa sitiari, mwaka 1943, angekuwa maiti halisi.

Sura ya pango la vitunguu ni ya kuisoma polepole. Katika Düsseldorf ya baada ya vita wateja wenye pesa wanaingia kwenye kilabu cha chini ya ardhi, wanaletewa ubao, kisu na kitunguu, wanakata, na hatimaye wanalia. Machozi yanatoka kwa kemikali ya kitunguu, kwa bei maalumu, na wakitoka wanajisikia nafuu. Ndiyo dawa bila kutaja ugonjwa. Utakumbuka pia kwamba mwaka 2006 Grass alieleza hadharani kwamba akiwa na miaka 17 alikuwa askari wa Waffen-SS, jeshi la SS, katika kitabu cha kumbukumbu ambacho jina lake ni juu ya kumenya kitunguu. Usiitumie habari hiyo kumfuta. Itumie kusoma upya neno Zugegeben.

Hatia yenyewe inapoitwa ugonjwa

Mwishoni mwa miaka ya 1950 sitiari iligeuka tena, na hapa wanafunzi wengi hupotea. Watu walianza kusema Wajerumani wana Schuldkomplex, yaani tatizo la kisaikolojia la kujiona wana hatia. Mwanafalsafa Theodor Adorno, katika mhadhara wake wa Wiesbaden wa tarehe 6 Novemba 1959, aliikamata hila hiyo: ukiita hatia "kompleksi" umeshadokeza kwamba ni ya kuwazia, na kwamba mwenye afya ni yule aliyesahau. Kwa lugha ya maswali yetu manne, ugonjwa sasa ni kumbukumbu, na tiba ni kufunga faili. Ukiona maandishi yanayosema taifa linahitaji "kupona" kutokana na yaliyopita, rudi kwenye mhadhara huo.

Miaka minane baadaye Alexander na Margarete Mitscherlich, madaktari wachambuzi wa nafsi, waliigeuza kwa upande wa pili: ugonjwa ni ule ukimya. Alexander alikuwa mwangalizi katika kesi ya madaktari Nuremberg, Desemba 1946 hadi Agosti 1947, iliyokuwa na washtakiwa 23, saba wakahukumiwa kifo. Kwa ripoti aliyoiandika wenzake wengi wa udaktari walimwona msaliti. Kitabu chao cha 1967, Die Unfähigkeit zu trauern, maana yake kushindwa kuomboleza, kinatumia tofauti ya Freud kati ya maombolezo na huzuni ya maradhi. Mswahili anajua matanga: huwezi kuyakalia bila kumtaja marehemu. Basi muulize: marehemu hapa ni nani? Wengi hunukuu kana kwamba kitabu kinalalamika kuwa Wajerumani hawakuwalilia Wayahudi. Hoja yenyewe huanza kwingine: walimpoteza Hitler, waliyemweka ndani ya nafsi zao kama kipimo cha ubora wao, na kupotea kwake kulipaswa kuwaangusha katika huzuni kubwa. Walijikinga kwa kukana na kwa kujenga viwanda. Kwa hoja hiyo, kuwalilia waliouawa kungewezekana tu baada ya kuikabili hasara hiyo ya kwanza. Hoja ina nguvu, na ina kasoro: inamlaza mtenda kwenye kochi la mgonjwa, na mtu wa kwenye kochi huonewa huruma. "Mficha maradhi kilio humfichua" ni methali inayoufaa nusu tu ya ukweli huu, kwa sababu kilicho hapa kimefichwa pamoja na watu waliouawa.

Upande wa Ujerumani Mashariki hesabu ilikuwa nyepesi zaidi: ufashisti ulikuwa ugonjwa wa ubepari, na mgonjwa aliishi ng'ambo ya mpaka. Usichanganye maandishi ya pande hizo mbili katika sura moja bila kusema.

Hospitali ya kweli

Tasnifu nyingi za sitiari hazigusi madaktari halisi, na ni hasara, kwani huko ndiko sitiari ililipwa fedha. Sheria ya fidia ya 1956 ilimtaka manusura wa kambi aonyeshe kwamba uwezo wake wa kufanya kazi umepungua kwa angalau asilimia 25 kwa sababu ya mateso. Akidai kuumia kwa akili, alipelekwa kwa mtaalamu, na mafundisho yaliyotawala yalisema mtu mwenye umbile zima hurudia hali yake mateso yakiisha. Asiporudia, basi alizaliwa hivyo. Yaani mateso ya Auschwitz yalirudishwa kuwa ugonjwa wa kurithi, msamiati uleule wa sheria ya 1933. Mwaka 1963 mchambuzi wa nafsi Kurt Eissler alijibu kwa makala ambayo jina lake linatosha kama hoja: mtu anatakiwa astahimili kuuawa kwa watoto wake wangapi bila dalili yoyote ndipo ahesabiwe kuwa na umbile la kawaida? Marekebisho ya 1965 yaliweka dhana ya kisheria kwamba aliyekaa kambini angalau mwaka mmoja ameumizwa na kambi. Waliofungwa uzazi kwa nguvu walisubiri hadi 1980 kupata malipo ya mara moja ya mark 5,000.

Na watenda? Werner Heyde, profesa wa magonjwa ya akili aliyeongoza upande wa kitabibu wa T4, aliishi Flensburg kwa jina la Dk. Fritz Sawade hadi 1959, akiandikia mahakama na taasisi za bima maelfu ya ripoti za kitaalamu kuhusu nani mgonjwa na nani si mgonjwa. Alijiua kizuizini Februari 1964, siku chache kabla ya kesi. Horst Schumann, aliyeendesha vituo viwili vya T4 na kuwafunga uzazi wafungwa wa Auschwitz kwa eksirei, alirudishwa kutoka Ghana mwaka 1966. Kesi yake ikasimamishwa 1971 kwa sababu ya shinikizo la damu, akaachiliwa 1972, akaishi hadi 1983. Hapo ugonjwa uliiondoa hatia bila sitiari yoyote, kwa cheti cha daktari. Ukiweka kisa hiki mbele ya ngazi za Oskar, uchambuzi wako unapata mguu wa kusimamia.

Kuhusu Der Vorleser ya Bernhard Schlink, ya 1995: homa ya ini ya kijana Michael, msimulizi, inafungua kitabu, na Hanna, mwanamke atakayeshtakiwa baadaye kwa kazi yake ya ulinzi kambini, ndiye anayemwosha matapishi. Wengi huishia hapo. Nenda kwenye safari ya theluji baada ya kesi: Michael anateleza kwa shati tupu, hasikii baridi, anaishia hospitalini na homa kali, na ganzi iliyomshika mahakamani inatoka. Ganzi ndiyo sitiari kuu ya kitabu. Hatari yake ni kwamba msimulizi anaiona kwa wafungwa, kwa walinzi, kwa majaji na kwake mwenyewe. Naye anaijua hatari hiyo na anaitaja, lakini kutaja hakutoshi kutenganisha.

Namna ya kuifanya kazi

Chagua vifungu vitatu, kila kimoja cha kurasa mbili au tatu, usizidishe. Ningechagua safari ya Pressburg, ngazi za Oskar, na ganzi ya Michael. Kwa kila kifungu orodhesha vitenzi vyote na mtenda wake. Vile visivyo na mtenda viwekee alama. Kisha jibu maswali manne, ukianza na la nne. Kisha weka kando ya kila kifungu hati moja isiyo ya fasihi ya miaka ileile: Jaspers, mhadhara wa Adorno, makala ya Eissler.

Pata maneno ya Kijerumani hata kama unasoma tafsiri. Leiden ni mateso na pia ni maradhi. Kiswahili kinakulazimisha uchague, na ukichagua umeshatafsiri hoja. Schuld ni hatia na pia ni deni, kama Sala ya Bwana ya Biblia yetu inavyosema "utusamehe deni zetu". Deni hulipwa likaisha. Angalia ni nani kitabuni anayeongea kana kwamba limekwisha. Na usimgeuze kila mgonjwa kuwa ishara. Kifua kikuu cha 1946 mara nyingi kilikuwa kifua kikuu tu, cha njaa na vyumba visivyo na moto.

Historia yetu? Ipo mahali pamoja panapofaa, nje ya riwaya. Tarehe 1 Novemba 2023 huko Songea, mbele ya wazao wa Songea Mbano aliyeuawa na Wajerumani mwaka 1906, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa watu wale. Soma sarufi yake: mtenda ametajwa, watendwa wametajwa, mahali ni hapohapo. Hakuna homa, hakuna kuanguka, hakuna kupona. Usidai kwamba Maji Maji na Auschwitz ni kitu kimoja. Chukua sentensi hiyo, iweke kando ya sentensi moja ya miaka ya 1950 inayosema Ujerumani "ilipatwa" na jambo, zitafsiri zote mbili neno kwa neno, na utangulizi wako uanzie hapo.